Jani Juu ya Ndoo

Sisi tuliosoma Kiswahili sekondari tulifundishwa kuhakiki. Tulipewa riwaya, tamthilia na diwani, tukaambiwa tuchambue fani na maudhui: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, kisha dhamira na ujumbe. Tulipomaliza shule tukaendelea kuhakiki kwa mazoea. Tunahakiki taarabu, mawaidha, hotuba za harusini, na hata pilau ya jirani. Lakini katika miaka yote ambayo nimefanya kazi ya kusanifu tovuti, sijakutana na mtu anayeketi akahakiki ukurasa wa intaneti kama anavyohakiki kitabu. Ukurasa husifiwa kwa neno moja, "unapendeza", au hulaumiwa kwa neno moja, "haufunguki", na shauri huishia hapo.

Hapa nataka kuhakiki kurasa mbili. Wa kwanza ni ukurasa wa matokeo ya Kidato cha Nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambao kila mzazi wa mtahiniwa anaujua hata kama hajawahi kuufikiria. Wa pili ni wangu mwenyewe. Nimeuchagua wangu ili nisionekane namsema mtu, na kwa sababu ulinifundisha zaidi ya vitabu vyote vya kazi hii nilivyowahi kununua. Msomaji asiye fundi asiogope. Hesabu zilizomo ni za kuzidisha na kugawanya tu, na zilizobaki ni habari za watu.

Mimi ni mzaliwa wa Kitangari, wilayani Newala, ingawa kazi yangu naifanyia Dar es Salaam. Mjomba wangu, kaka yake mama, bado anaishi Kitangari. Kwetu Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa kutembelewa sikukuu tu. Ndiye mwenye neno. Huyu wangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi kwa misimu mingi. Amepima korosho za watu kabla na baada ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kutumika kwa korosho mwaka 2007, na katika miaka yote hiyo, asemavyo mwenyewe, alijifunza jambo moja: mtu hukasirikia bei, lakini hukosa usingizi kwa ajili ya mizani.

Januari 2019 yalitangazwa matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka uliotangulia. Binti yake mjomba alikuwa mmoja wa watahiniwa. Mjomba ana simu ya kugusa, ya bei nafuu, yenye ufa kwenye kioo. Nyumbani kwake mtandao hauingii vizuri ndani. Ukitaka kupata kitu hapana budi utoke nyuma ya nyumba, kwenye kimwinuko penye mkorosho mkubwa, usimame upande wa jua linakochomoza. Walisimama hapo wote wawili. Wakafungua ukurasa wa Baraza, wakapata orodha ya shule, wakagusa jina la shule, wakaitafuta namba. Kazi yote, binti aliniambia baadaye, ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Tuuhakiki basi ukurasa huo. Ukiupima kwa vitabu vya usanifu, fani yake ni duni. Hauna picha. Hauna kitu kinachotembea. Kwanza unakuta orodha ndefu ya shule na vituo kwa mfuatano wa alfabeti, kila jina likiwa kiungo. Ukigusa jina, unapata ukurasa wa shule hiyo: juu kuna muhtasari wa madaraja kwa wasichana na wavulana, chini kuna jedwali lenye namba ya mtahiniwa, jinsi, jumla ya pointi, daraja, na alama za kila somo. Basi. Kijana aliyetoka chuoni jana akiuona atasema umetengenezwa na mtu aliyekata tamaa.

Mimi nasema umetengenezwa vizuri, na sababu yangu ni hii. Mtu anayeufungua amekuja na swali moja tu na mkono unaotetemeka. Swali lake lina ngazi tatu: mtihani gani, shule gani, namba gani. Ukurasa nao una ngazi hizohizo tatu, kwa mpangilio uleule, wala hauna ya nne. Muundo wa ukurasa umekuwa muundo wa swali. Tena, kwa kuwa ni maandishi matupu, uzito wake huhesabiwa kwa kilobaiti. Chukua mtandao dhaifu wa bonde, unaopitisha kilobiti 100 kwa sekunde. Ukurasa wa kilobaiti 60 utafika kwa sekunde 5 hivi. Hata simu yenye ufa itaufungua, na bando dogo kabisa litabaki na chenji.

Lakini mhakiki asiyeona kasoro ni mpiga debe, nami naziona tatu. Kwanza, siku ya kutangazwa matokeo nchi nzima hugonga mlango mmoja kwa wakati mmoja, na mlango hukwama. Pili, jedwali ni pana kuliko simu. Kidole hutembea kwenda na kurudi, na mara nyingi jicho hupotea mstari. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ukurasa wa Kidato cha Nne huzungumza Kiingereza cha vifupisho kwa mzazi ambaye hakukisoma. Mjomba aliona AGGT, na chini yake 17. Karani wa mizani anajua kwamba kikubwa ndicho kizuri. Akaguna, akasema kwa huzuni, "Kumi na saba tu, mwanangu?" Binti alicheka mpaka akakaa chini. Jumla ya pointi ikiwa ndogo ndiyo nafuu, na kuanzia 7 hadi 17 ni daraja la kwanza. Kwa dakika nzima mzee alihuzunikia ushindi, kwa kukosa maneno mawili ya Kiswahili. Na Baraza hilohilo, katika matokeo ya Darasa la Saba, hutumia Kiswahili, na humwongoza msomaji kwa mkoa, wilaya na shule. Kwa hiyo hawashindwi.

Ukurasa wa aina hii ni wa ukoo wa kale. Tim Berners-Lee alipoanzisha mtandao wa kurasa pale CERN, karibu na Geneva, kati ya mwaka 1990 na 1991, ukurasa wa kwanza ulikuwa maneno na viungo tu. Mwaka 1993 kivinjari kilichoitwa Mosaic kikaeneza desturi ya kuweka picha katikati ya maneno. Mwaka 1996 ikapitishwa kanuni ya CSS, iliyowezesha kutenganisha mavazi ya ukurasa na mwili wake. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte akaeleza namna ya kusanifu ukurasa mmoja unaojikunja na kujikunjua kulingana na upana wa kioo, uwe wa simu au wa kompyuta. Kila mlango uliofunguliwa ulileta jema. Sina ugomvi na picha wala rangi, ndizo zilizonilisha.

Lakini mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, na sisi mafundi wa mjini tukaanza kufanya kazi kwenye mtandao wa kasi. Tukasahau. Kila tulichokipandisha kilifunguka mara moja mbele ya macho yetu, tukadhani kinafunguka hivyo kila mahali. Kurasa zikanenepa dunia nzima. Ukurasa wa kawaida siku hizi umekwisha kupita megabaiti 2. Kilipoenea kivinjari cha Opera Mini, kuanzia mwaka 2006, vijana wengi wa Tanzania walikipenda kwa kuwa kilikula bando kidogo: ukurasa ulipitishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni, ukakamuliwa, ndipo ukaletwa kwenye simu. Sisi wasanifu tulikiona kama kero, kwa sababu kiliharibu mapambo yetu. Hatukujiuliza kwa nini mtu aone haja ya kuweka kamuo kati yake na sisi.

Sasa niingie kwenye ukurasa wa pili.

Mwaka 2018 nilipewa kazi na shule moja ya bweni ya binafsi, ambayo sitaitaja. Nililipwa shilingi laki nane, nusu kabla na nusu baada. Mkuu wa shule alitaka tovuti "ya kisasa", na kama ilivyo kawaida ya kazi yetu, mimi na yeye tulikubaliana neno hilo bila kulifungua ndani. Nikamwekea picha tano kubwa zinazopokezana juu ya ukurasa, kama zilivyotoka kwenye kamera ya mwalimu. Nikaweka maneno ya Kiingereza yanayopanda kutoka chini kama jua. Nikaazima herufi za mapambo kutoka nje. Nikaweka picha ya mkurugenzi na ujumbe wake wa aya sita. Mwisho nilikabidhiwa karatasi za maelekezo ya kujiunga, zenye mihuri; nikazipiga picha kwa mashine, nikaziweka kama zilivyo, megabaiti 11. Mkuu alifurahi. Nami nilifurahi, nikamtumia mjomba anwani ili aone mpwa wake anafanya nini mjini.

Kwa bahati, au kwa majaribu, binti yake alipata nafasi ya Kidato cha Tano katika shule hiyohiyo. Alitaka tahasusi ya fizikia, kemia na baiolojia. Julai 2019 mjomba akatoka tena na simu ileile, akasimama chini ya mkorosho uleule, upande uleule wa jua. Ukurasa wangu ukatoa weupe, na katikati ya weupe kijiduara kinachozunguka. Bando likaisha. Akaongeza. Likaisha tena. Mara ya tatu ukurasa wa kwanza ulifunguka, zikaonekana picha, lakini maelekezo ya kujiunga yakagoma. Siku ya pili akapanda bodaboda hadi Newala mjini, akapata duka la kuchapa, akarudi jioni na karatasi nane. Ndani yake mlikuwa na orodha ya vifaa na fomu ya daktari. Kumpata daktari kukala siku nyingine. Binti akaripoti amechelewa siku tatu. Alipofika, nafasi za tahasusi aliyoitaka zilikuwa zimejaa. Akapewa kemia, baiolojia na jiografia.

Sikujua lolote mpaka Agosti, nilipokwenda nyumbani kwa Idi ya kuchinja. Baada ya kula mjomba alivuta kiti chake karibu na changu.

"Mpwa wangu, ile kazi ya shule ni yako?"

"Ni yangu, mjomba."

"Walikulipa?"

"Walinilipa. Laki nane."

Akatikisa kichwa kama mtu anayeandika kwenye daftari. "Mimi nililipa elfu ishirini na moja na mia tano. Bando elfu tatu, bodaboda elfu kumi na tano, kuchapa elfu tatu na mia tano. Basi kazi yako imelipwa mara mbili."

Nikaanza kueleza habari za mtandao wa kijijini. Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, "Uliupima?"

"Kupima nini, mjomba?"

"Mzigo wako. Kabla ya kumtwika mtu."

Sikuwa nimeupima. Ninaandika jambo hili kwa aibu, kwa maana kuupima ukurasa ni kazi ya dakika moja. Kila kivinjari cha kompyuta kina mahali pa kuonyesha uzito wake. Usiku ule niliupima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na megabaiti 6. Kwa mtandao wa kilobiti 100 kwa sekunde, hizo ni dakika 8 za kusimama chini ya mkorosho. Maelekezo ya kujiunga yalikuwa karibu dakika 15, ikiwa mtandao haukukatika. Na ulikuwa ukikatika.

Kusini tuna neno kangomba. Ni ule ununuzi wa korosho wa vichochoroni: mkulima mwenye shida hupimiwa kwa chombo badala ya mizani, na mwenye fedha ndiye anayejua kiasi halisi. Tumepigana nao miaka mingi. Nilipokuwa nimelala nikitazama dari ya chumba nilichokulia, niliona kwamba mimi nami nimefanya kangomba. Nimechukua kwa wazazi wa shule ile, mmoja mmoja, fedha na muda, bila mizani, na bila wao kujua nimechukua kiasi gani. Msanifu hulipwa mara moja. Msomaji hulipa kila afunguapo.

Asubuhi nilimkumbuka bibi yangu, mzaa mama. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake; mvua inayonyesha huzama, na maji hutafutwa mabondeni. Kabla ya mabomba, na hata baada yake kila mitambo ilipoharibika, akina mama walishuka na kupanda makorongo wakiwa na ndoo vichwani. Bibi akijaza ndoo alichuma tawi la majani, akaliweka juu ya maji. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni pambo. Ndoo ilionekana imevaa kofia. Siku moja nikalitoa jani hilo kwa mchezo, na maji yakaanza kurukaruka na kummwagikia mabegani kila alipopiga hatua. Jani lilikuwa linayatuliza maji. Halikuwa na uzito wowote, lilikuwa zuri kutazama, na lilikuwa na kazi.

Naona huu ndio mfano wa pambo la ukurasa. Sisemi ndoo iende bila jani. Nasema hakuna mama wa Newala aliyewahi kuweka jiwe juu ya maji ili ndoo ipendeze.

Niliporudi Dar es Salaam niliijenga upya tovuti ile kwa gharama yangu. Nitaeleza nilivyofanya, kwa faida ya vijana walio katika kazi hii, na kwa faida ya wanaowaajiri, maana anayelipa naye anapaswa kujua la kuuliza.

Nilianza na karatasi na kalamu. Niliandika maswali ambayo mzazi huja nayo: ada ni kiasi gani, shule inafunguliwa lini, aje na nini, apige simu namba gani. Yalikuwa manne. Hapakuwa na mzazi aliyekuja kuuliza mkurugenzi ana ujumbe gani. Majibu ya maswali hayo niliyaandika kwa Kiswahili, kwa maandishi ya kawaida, juu kabisa ya ukurasa. Orodha ya vifaa niliipiga chapa upya, ikatoka kwenye picha ya karatasi ikawa maneno. Zile megabaiti 11 zikawa kilobaiti chache. Fomu ya daktari, ambayo lazima ichapwe, niliitengeneza upya, na mbele ya kiungo chake nikaandika uzito wake ili mtu ajue kabla hajagusa. Namba ya simu niliitoa kwenye bango nililolichora, nikaiandika kama maandishi, ili mzazi aiguse tu na simu ianze kuita. Ndani ya msimbo nikatamka kwamba lugha ya ukurasa ni Kiswahili, kwa ajili ya programu zinazowasomea wasioona. Bila tamko hilo, programu inaweza kuyasoma maneno yetu kwa matamshi ya Kiingereza.

Picha nilizipunguza. Hili ni kosa ambalo nalikuta kila mahali, hata kwa mafundi wenye vyeti. Picha ya kamera ina upana wa nukta 4,000. Kwenye simu itaonyeshwa kwa upana wa nukta 400. Upana umezidi mara kumi, na urefu mara kumi, kwa hiyo msomaji amebebeshwa nukta mia ili aone moja. Herufi za mapambo niliziondoa, nikatumia zile ambazo simu imezaliwa nazo. Picha zinazopokezana nilizifuta zote. Kisha nilinunua simu ya bei ya chini kuliko zote dukani, nikaifanya mizani yangu. Hadi leo kazi isiyofunguka kwenye simu hiyo haiondoki mezani kwangu.

Ukurasa mpya ulikuwa na kilobaiti 70. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikiwa na furaha ya mtu aliyetubu. Akautazama kwenye kompyuta yake kubwa, akanyamaza. Kisha akasema, "Mbona umekuwa mtupu? Mimi nililipia tovuti."

Msomaji asimcheke. Alikuwa na haki. Alilipa fedha, na fedha hutaka kuonekana. Hapa ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo: anayelipa si yule anayesoma, na hukaa mahali penye mtandao mzuri. Hakuna hoja ya maneno itakayomshinda mtu huyo. Nilimpa ile simu yangu ndogo, nikamwomba tutoke hadi kwenye uzio wa shule, mahali ambapo mtandao ulikuwa dhaifu, afungue tovuti ya zamani kwanza. Alisimama juani. Kama dakika tano zilipita. Nikamwambia afungue mpya. Hakusema kitu, ila tuliporudi ofisini alimwagiza karani alete chai, nikajua tumeelewana.

Hata hivyo nilikuwa sijamaliza kufundishwa. Mwezi uliofuata nilimtumia mjomba anwani ileile. Akanipigia. "Umefunguka mara moja," alisema. "Lakini picha umezipeleka wapi? Mama yake binti alitaka kuona bweni analolala mtoto."

Nilikuwa nimetoka kwenye kosa moja nikatumbukia kwenye la pili. Kwa kuogopa mawe nilitupa na jani. Mama wa Kitangari anayempeleka mtoto safari ya basi ya siku nzima anataka kuona kitanda, dirisha, na kama kuna chandarua. Picha hiyo kwake ni jibu la swali ambalo mimi, kwenye karatasi yangu ya maswali manne, sikuliandika, kwa kuwa nilijiuliza mwenyewe badala ya kumwuliza yeye. Nikaweka picha moja ya bweni, kilobaiti 40. Maswali yakawa matano, na ukurasa ukawa kilobaiti 110. Nadhani hapo ndipo ulipopata fani yake.

Tangu hapo nikisoma kurasa za wenzangu natafuta kitu kimoja: ni nani aliyesikilizwa? Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zetu zilizinduliwa tovuti kwa pamoja, zikiwa na umbo linalofanana. Mtu anaweza kulalamika kwamba zinafanana mno, na kwamba nyuso za viongozi zimechukua nafasi kubwa. Lakini katika umbo hilo kuna sehemu yenye kichwa cha neno moja: "Nifanyeje?" Sijui neno zuri kuliko hilo katika usanifu wote wa tovuti nchini. Halisemi "huduma zetu" wala "idara zetu". Linasema kwa kinywa cha mwananchi aliyesimama mlangoni. Aliyelichagua alikuwa amesikia mtu. Neno hilo moja, pamoja na alama yake ya kuuliza, lina uzito wa baiti kumi tu, na linafanya kazi ambayo picha tano za kupokezana haziwezi. Kinachobaki ni halmashauri kulijaza majibu, na kuyafanya upya yanapochakaa.

Haya si mambo ya mafundi peke yao. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa, TMX, na mkulima hutaka kujua bei kwa simu yake akiwa shambani. Ada, fomu, matokeo, vibali, bei: milango yote inahamia kwenye kioo kidogo. Mlango ukiwa mzito, hakuna bawabu wa kulaumiwa. Mtu hurudi nyumbani akidhani kosa ni la simu yake, au lake mwenyewe.

Binti yule alimaliza Kidato cha Sita mwaka 2021, na matokeo yake aliyafungua palepale chini ya mkorosho, kwenye ukurasa uleule mtupu wa Baraza. Alikwenda kusomea kilimo. Anasema anaipenda kazi yake, nami namwamini. Sijawahi kumwuliza kama bado huifikiria ile fizikia.

Siku hizi kwenye hati zangu za madai, chini ya bei, ninaandika mstari mmoja zaidi: uzito wa ukurasa, kwa kilobaiti. Wateja wengi huuliza ni nini. Nikawaeleza, wachache hupatana bei na mimi kwa mstari huo pia, nami hufurahi kupunguza. Mjomba nilipomwonyesha hati moja aliisoma yote, akaweka kidole kwenye mstari ule. "Vizuri," alisema. "Lakini mwenye mali hapimi peke yake. Mpe na mwingine apime." Ndiyo maana simu yangu ndogo haikai tena mezani kwangu. Kila nikimaliza kazi naituma Kitangari kwa basi, na kazi haijakwisha mpaka mzee atoke nyuma ya nyumba, asimame upande wa jua linakochomoza, anipigie.